Mistari ya Jivu Nyuma ya Soko la Mbuzi

Sahra wangu,

Salaam aleikum. Salamu hizi zipokee ukiwa umekaa, maana barua ni ndefu na mwandiko wangu unaujua, unatembea kama ngamia aliyefungwa mguu mmoja. Darasa la nne ndilo lililonifundisha kuandika, na hata hilo sikulimaliza.

Nianze na jambo ambalo Isiolo nzima inalijua. Klabu ya voliboli ya wasichana, hiyo iliyokutoa wewe, ni mimi Jama niliyeianzisha. Nguzo za kwanza nilizishika kwa mikono hii. Kama si mimi, leo hungekuwa unafunga begi kwenda chuo huko Eldoret, kucheza mpira na kusomeshwa kwa sababu ya mpira huo. Haya nimewaambia watu wa redio, nimemwambia imamu, na pale kwa fundi wa pancha nimeyasema mara nyingi mpaka wazee wananiomba niwaanzishie na wao kitu.

Ni uongo. Nguzo nilizishika, hilo ni kweli, lakini nilizishika kuzing'oa.

Hadithi hii unaijua nusu, ile nusu ya kuchekesha. Nusu ya pili hujaisikia kwa mtu, kwa sababu mwenye kuijua ni mimi na mwanamke mmoja, na huyo mwanamke nilijua kwamba anajua Alhamisi iliyopita tu. Ninaandika baada ya magharibi. Hooyo, mama yako, yuko jikoni anakaanga nyirinyiri, nyama yako ya kubeba safarini. Kesho nikikuangalia usoni nitaanza mzaha, kama kawaida yangu, na basi litaondoka. Kwa hivyo leo karatasi inisaidie.

Mambo ya blanketi, ya baridi ya huko, ya kutolala na nywele zimelowa, sitakuambia. Hayo Hooyo ameshakwambia na atakwambia mpaka dereva awashe gari. Na barua hii nitaifunga kwa gundi ya pancha, ile haiachi, niiweke chini ya mto wako usiku huu. Ukiikuta imefunguliwa, muulize kaka yako Abdi, wala usiulize mtu mwingine.

Wiki mbili zilizopita uliniletea chai, ukasimama na trei, hukuondoka. Ukaniuliza, "Aabo, mimi nikienda, uwanja utabaki?" Nikakujibu kwamba uwanja hauna miguu, uende wapi. Wewe hukucheka. Uliniangalia vile ninavyomwangalia mimi mtu anayeniuzia mbuzi bila kunionyesha meno yake. Nilikuwa nafikiri macho hayo ni yangu peke yangu katika nyumba hii. Kumbe nimekurithisha, na cha kwanza ulichokitazama nayo ni mimi.

Basi nikujibu sawasawa.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa napita nyuma ya soko la mbuzi asubuhi, natoka kuangalia lori langu, na pale penye uwazi ambapo hapakuwa na kitu ila mavi ya mbuzi na miiba ya migunga, nikaona mistari myeupe. Imenyooka. Kwenye kona kuna vigingi. Katikati nguzo mbili za mti. Nikapima kwa hatua: kumi na nane kwa tisa. Nikajiuliza, nani anajenga nyumba ya hatua kumi na nane kwa tisa? Hiyo ni ghala. Tena kulikuwa na mstari mmoja unaokata katikati, nikasema, haya, wanyakuzi wenyewe ni wawili, na wameshagawana.

Usinicheke kabla hujakumbuka sisi ni watu gani. Babu yangu alikuja hapa akiwa amevaa buti za jeshi la Mwingereza, baada ya vita yao kubwa. Wakamwambia chunga hapa ngamia wako, hapa ni kwako na watoto wako. Walimwambia kwa mdomo. Babu hakuomba karatasi, askari haombi karatasi. Alichopewa cha kushika ni medali, ile iliyo ndani ya mkebe wa tumbaku juu ya kabati. Baba yangu alizeeka akizunguka maofisi na hiyo medali mfukoni, kama mtu mwenye ufunguo anayetafuta nyumba. Kila alipokwenda waliishika, wakaigeuza, wakasema ni nzuri, wakamrudishia. Mimi nikakua najua kwamba katika mji huu ukiamka ukakuta chokaa chini, ujue umelala sana.

Nikaenda kwa Guyo. Unamjua Guyo, Mborana yule mwenye mbuzi wengi na maneno machache. Nikamwambia, "Guyo, wameanza."

"Nani?"

"Wewe njoo uone chokaa."

Akaja, akainama, akachukua kidogo kwa kidole, akanusa. "Jama, hii ni jivu."

"Huo ndio ujanja wao."

Basi wazee wawili tuling'oa zile nguzo, na ile mistari tukaifuta kwa miguu. Fikiria mwenyewe, mimi na Guyo tunaburuza viatu asubuhi kama watu wa harusi waliokosa ngoma. Nguzo Guyo alizibeba, akatengenezea mlango wa zizi. Kesho yake jioni mistari imerudi, na nguzo nyingine. Tukafuta, tukang'oa. Guyo akapata mlango wa pili. Siku ya tatu nikasema, leo tunajificha. Tukakaa nyuma ya ile ngazi ya kupakilia ng'ombe kwenye malori, tukingoja wenye pesa waje na madereva wao.

Aliyekuja ni mwanamke mfupi aliyevaa sweta, na kopo la jivu mkononi. Alikuwa Mwalimu Kagendo, wa kutoka upande wa Meru. Sasa unajua sisi na jirani zetu na mambo ya mpaka. Kila upande unaamini mwenzake analala na kigingi chini ya mto. Miraa yao naila kila siku, lakini mwalimu wao na kopo la jivu ni kitu kingine. Nikamfinya Guyo, nikamwambia kwa sikio, umeona, wanatumia walimu.

Nyuma yake walikuja wasichana saba. Wakaanza kufagia miiba. Sijawahi kuona mnyakuzi anafagia, lakini sikubadilisha mawazo, mimi mtu mzima. Nikatoka.

"Mwalimu, nani amekutuma?"

"Hawa," akaonyesha wasichana.

"Na hawa wametumwa na nani?"

"Mzee, muulize huyo aliyeshika kamba yako."

Nikaangalia. Kamba ya lori langu, ile ya kufungia magodoro, nimeitafuta wiki nzima, nimemfukuza utingo kwa sababu yake, imefungwa mafundo mafundo kama wavu, na anayeishika ni wewe. Umejificha nyuma ya msichana mrefu, lakini hijabu ile ya kijani niliinunua mimi. Ukasema, "Aabo, tulikuwa tunairudisha."

Ulidanganya bila kupepesa jicho. Nilikasirika sana, na pembeni kidogo nilijivuna.

Mtu mwingine angeomba radhi pale pale na kwenda nyumbani. Mimi nilimpeleka mwalimu kwa chifu. Nilisema mpira ni kisingizio, leo mpira, kesho nyaya za ua, keshokutwa geti. Baraza likajaa. Chifu aliposikia kuhusu wazee wawili kufuta jivu kwa viatu, alifunika mdomo kwa kofia yake. Wazee wakauliza nguzo ziko wapi. Guyo akasema ziko kwake, lakini mbuzi wameshazizoea. Ikaamuliwa tuzirudishe, maana aliyevunja ua wa mtu ndiye anayeuziba. Mimi nikaambiwa nitoe kitu cha fidia juu yake kwa kumpeleka mwalimu wa watu barazani.

Hapo Mwalimu Kagendo akasimama. Akasema hataki kitu. Anataka jambo moja: Mzee Jama atangazwe mlinzi wa uwanja ule, mbele ya watu wote, na kila jioni watoto wakicheza awe pale na kiti chake.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikamwangalia nikasema moyoni, mwanamke huyu ni mjinga kabisa.

Hiyo ndiyo nusu unayoijua, ukiongeza yale mliyoyaona wenyewe. Nilikaa pale na kiti, chupa ya chai na mfuko wa miraa. Nilianza kwa kununa. Nilikuwa simwamini mtu. Sikuamini yule wa kuhesabu pointi, nikawa nahesabu zangu kwa mawe, mkono wa kulia nyinyi, mkono wa kushoto wageni. Sikuamini filimbi. Sikuamini mpira wenyewe, ule mmoja tuliokuwa nao, uliozibwa na fundi wa pancha kwa viraka vya tairi mpaka ukawa unaruka kwa kuchechemea. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusema "tuliokuwa nao". Sijui ni lini nilianza.

Wasichana saba wakawa kumi na tano, wakawa wengi mpaka mkaanza kupokezana uwanja. Akaja yule wa Leparua aliyeruka mpaka kilemba kikabaki chini. Wakaja wawili wa Oldonyiro waliokuwa wanalala kwa shangazi yao. Akina mama wakaanza kunijia mlangoni kuniuliza ni nini hicho binti zao wanachofanya mbele za watu, na ni mimi, Jama, niliyekuwa nawaambia njooni mkae, mwangalie, suruali ni pana, hijabu imefungwa, na mwanaume wa karibu kabisa ni mimi na meno yangu manne. Wakaja. Wakakaa. Mama mmoja alianza kuwatukana wageni kuliko mimi.

Na safari za Merti, mmesimama nyuma ya lori mmeshikilia vyuma, mnaimba, mnakwenda kucheza, tunarudi na mbuzi wa watu ndani na nyinyi juu ya kabini. Wale watoto wa Merti walicheza miguu mitupu juu ya mchanga wa moto na wakawafunga seti mbili. Ulilia mpaka tukafika Archer's. Nilikupa usukani ushike kidogo pale barabara imenyooka, ukanyamaza.

Kosa kubwa la safari zote nililifanya Meru. Unakumbuka kulikuwa na mtu wa miwani, amekaa peke yake, kila ukipiga mpira anaandika kwenye daftari. Mechi yote ameandika. Nikasema huyu ama ni dalali wa ndoa ama ni kibaya zaidi. Nikamfuata, nikamnyang'anya daftari, nikamwambia mtoto wangu si wa kuandikwa. Watu wakatutenganisha. Daftari nililisoma nikiwa nimelishika juu: "Namba saba. Mkono wa kushoto. Haogopi." Nikaurarua ukurasa huo, nikaula, mbele yake. Wewe ulifikiri nilikuwa nagombania kiti. Hukujua, na sikukwambia, kwamba yule ndiye mtu wa chuo, yule yule aliyerudi mwaka uliofuata akakaa upande wa pili wa uwanja, mbali na mimi, akaandika tena. Mwaka mzima, Sahra. Mwaka mzima wa masomo yako uko tumboni mwangu.

Huyo ukimwona Eldoret, msalimie. Mwambie baba ameacha kula karatasi. Lakini mwangalie angalie kidogo pia, maana mtu anayesamehe haraka hivyo sijui anataka nini.

Sasa nusu ya pili.

Siku ile nilipoona mistari ya jivu, sikukasirika kwa sababu wananyakua. Nilikasirika kwa sababu wameniwahi. Zile hatua kumi na nane kwa tisa haikuwa mara yangu ya kwanza kupima pale. Nilikuwa nimeshapima mwezi mmoja kabla. Nilijua geti litakaa wapi, lori litageuka wapi, na chumba cha mlinzi nitamweka nani. Nilikuwa nangoja tu mvua ipite nianze vigingi vyangu. Ndiyo maana nilitambua vigingi haraka kuliko mtu yeyote mjini. Guyo alinusa akaona jivu. Mimi niliona chokaa, kwa sababu chokaa ilikuwa kichwani mwangu.

Na haikuishia hapo. Ungependa iishie hapo, hata mimi ningependa. Mwaka wa tatu wa kukaa na kile kiti, mtu mmoja mwenye kujua njia za karatasi alikuja kunywa chai yangu, akasema, Mzee, kila mtu anakuona hapa, ukisema ni pako nani atabisha? Sikumjibu siku hiyo. Siku ya tatu nilimjibu. Karatasi ikatoka, ya kugawiwa ploti, ina muhuri, ina jina langu lote mpaka la babu. Niliiweka kwenye mkebe wa tumbaku, chini ya medali. Ulikuwa kidato cha pili, ukija nyumbani umechafuka vumbi unanibusu mkono, unasema asante, Aabo, kwa kutuchungia uwanja. Na mimi nasema, si kitu.

Nilijiambia nimeichukua karatasi ili asije mwingine akaichukua. Pengine ni kweli nusu. Nusu gani, sijui hata leo. Mtu akijidanganya mwenyewe hakuna wa kumpeleka kwa chifu.

Mwezi uliopita akaja yule mtu wa gari jeupe. Wewe ulimwona, najua ulimwona, ulikuwa unafunga neti. Alishuka, akatembea juu ya mistari yenu kwa viatu vyake, akauliza ploti hii ni ya nani. Ulisikia nikijibu kwamba ni ya watoto. Hukusikia tulipokwenda kando. Kule kando nilisema ni yangu. Akasema anataka kujenga, na mimi sikukataa. Nilisema nitafikiria. Akatuma mtu kupima. Ndipo ulipokuja na ile chai na lile swali.

Sasa unajua kwamba ulishuku sawa. Usione haya kwa kumshuku baba yako. Mimi ndiye wa kuona haya, na nimejaribu, inaniuma kifuani kama kiungulia.

Alhamisi, Mwalimu Kagendo alikuja kuaga. Amestaafu, anarudi kwao, hata si mbali, ukipanda mlima umefika. Hooyo alimpikia. Tulipobaki wawili nikaanza mzaha wangu, nikamwambia, Mwalimu, siku ile barazani ulifanya ujinga mkubwa, ukamweka mtu kama mimi mlinzi, mtu aliyeng'oa nguzo zako.

Akanywa chai yake mpaka chini, akaweka kikombe.

"Mzee Jama, nilikuona ukipima. Kabla ya nguzo. Nilikuwa nasahihisha madaftari, dirisha la darasa linaangalia pale. Ulipima siku nne."

Nikachukua kikombe chake, nikakinywa kikiwa kitupu.

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua wewe ndiye utakayekula ule uwanja. Nikasema, fisi huyu nimkabidhi mbuzi mbele ya kijiji kizima, halafu tuone kama ana haya."

"Na ukaona?"

"Bado naangalia," akasema.

Sahra, miaka yote nimekaa kwenye kile kiti nikishuku kila mtu anayepita, nikijiona mimi ndiye mwerevu wa Isiolo, na kumbe kuna mwanamke aliyesimama juu ya uwanja na filimbi mdomoni, ananichunga mimi. Hakuwahi kuniamini hata siku moja. Na ndiye aliyenipa jina zuri kuliko yote niliyowahi kupewa. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nilimsindikiza mpaka stendi na nikambebea mfuko wake, na unajua mimi sibebi.

Nilirudi nikapitia uwanjani. Hakukuwa na mazoezi, lakini nilikuta watoto watatu wadogo, wale wa darasa la nne, wanafagia miiba. Hakuna aliyewatuma. Mmoja aliponiona akawaambia wenzake, mlinzi amekuja, wakaacha fagio zao chini wakaenda zao nyumbani, kwa sababu vitu vyao viko salama. Nikasimama pale na zile fagio.

Leo asubuhi nilitoa karatasi kwenye mkebe. Nikaenda na Guyo kwa chifu. Nyuma ya ile karatasi nimeandika, kwa mwandiko huu huu wa ngamia, kwamba mimi Jama sina haki katika ploti ile, ni ya klabu ya wasichana, wacheze mpaka wachoke na watoto wao wacheze. Nimeweka sahihi. Guyo ameweka kidole, na aliuliza kama ataruhusiwa kubaki na mlango mmoja wa zizi. Chifu amegonga muhuri. Kopi moja anayo chifu, ambaye simwamini. Moja iko msikitini. Moja imepanda mlima kwa Mwalimu, na yeye ndiye atakayeisukuma katika ofisi ya ardhi, polepole kama mambo yao yanavyokwenda. Kwa jirani wa mpaka, ndiyo. Sikuona mwingine.

Karatasi yenyewe iko ndani ya bahasha hii, nyuma ya ukurasa huu. Sasa umeiona. Nenda nayo Eldoret. Ifiche mahali ambapo mimi sitapajua, na nikikupigia simu nikakuuliza iko wapi, kwa sauti nzuri, kwa sababu nzuri sana, usiniambie. Yule wa gari jeupe atarudi. Atakunywa chai, atanisifu, na mimi najijua nikisifiwa. Bila hiyo karatasi siwezi kumuuzia hata kivuli cha nguzo. Nimekupa kwa sababu wewe ndiye mtu katika nyumba hii asiyeniamini.

Hooyo hajui haya. Utaamua mwenyewe kama umwambie, na ukimwambia, ngoja basi lipite Nanyuki.

Wazazi wengine huwaambia watoto wao wasimwamini mtu, wengine huwaambia wawaamini wote. Mimi nimejaribu la kwanza maisha yangu yote, na nililopata ni kula ukurasa wa daftari. Sina la kukushauri hapo. Shuku yako ni kali na ni nzuri, itakufaa huko. Ila ukishamshuku mtu, fikiria alivyofanya mwalimu wako. Hakunifukuza. Alinipa kiti.

Medali nimebaki nayo. Mkebe sasa unalia ukiutikisa, zamani karatasi ilikuwa inauziba.

Limebaki jambo moja, na ni deni, usijifanye umesahau. Siku ya fainali ulisema mtawamaliza kwa seti tatu. Mimi nikasema hamtoki hapo kabla ya seti ya tano. Ukaniambia mbele ya timu yote, "Aabo, tukifika ya tano nitakuacha uanzishe mpira mara moja, na sitaupokea." Mlifika ya tano. Ni miaka mitatu sasa. Kila nikikukumbusha, mara goti langu, mara jua, mara watu wanaangalia.

Basi linaondoka saa mbili. Baada ya swala ya alfajiri nitakuwa nyuma ya soko la mbuzi, nimeshafagia. Njoo na mpira. Simama upande wa Guyo, kule kwenye zizi. Nitapiga kwa ngumi maana sijui njia nyingine, na kama hautavuka neti, nirudie mara moja tu.

Ukivuka, usiguse. Uache uanguke ndani ya mstari.

Aabo